Barua kwa Mwanangu: Samaki Usimbomoe

Mwanangu mpendwa,

Hapa Magomeni hatujambo. Mama yako anakusalimu na anauliza kikohozi cha mjukuu kimefikia wapi. Picha za mozaiki yako, yule samaki uliyemuunda kwa vipande vya vigae, nimeziona, na swali lako nimelisoma: "Baba, nimejaza grauti nyeusi kwenye mianya ya vigae, samaki wangu kapotea. Nibomoe nianze upya, au hii kazi si yangu?"

Nianze na hilo la mwisho. Kazi ni yako. Mtu asiye na jicho angeona vigae vimeshika, akaita majirani waje kutazama. Wewe umeona kwamba samaki hayupo, na umekosa usingizi kwa ajili yake.

Sasa la kubomoa. Samaki umemjenga kwa vigae vya buluu iliyokoza, na maji yanayomzunguka ni ya kijani kizito. Kabla ya grauti, mianya kati ya vipande ilionyesha weupe wa gundi, na huo weupe ndio uliokuwa unamchora bila wewe kujua. Ulipochanganya saruji na oksaidi nyeusi, ile rangi ya unga, ukaijaza, michoro ile ikazimika. Grauti nayo ni rangi, mwanangu. Nyeusi hukoleza rangi ya vigae, nyeupe huipausha, ya kijivu haiingilii sana. Siku nyingine bandika vipande vichache kwenye ubao wa pembeni, ujaze grauti unayoitaka, uiache ikauke kabisa kabla hujagusa kazi yenyewe.

Huyu wa sasa usimbomoe. Tafuta kisu cha zamani chenye ncha, ukwangue ule mstari mmoja tu unaotenganisha mwili wake na maji, kisha ujaze saruji nyeupe. Fanya wiki hii, maana saruji huzidi kukaza kila siku inayopita. Vaa miwani na barakoa. Vumbi lile si la kuvuta. Weusi uliobaki ndani ya mwili uuache. Nimeitazama picha kwa kuikuza, naona pale vipande vinapokaribiana umejitokeza mtandao wa magamba ambao usingeweza kuupanga hata ungekaa na penseli kutwa nzima.

Umelalamika pia kuhusu mapezi, kwamba vile vipande vya chungu vimekunywa rangi nyeusi. Ndivyo ilivyo: udongo wa kuchomwa usiopakwa glezi, ule utando unaong'aa kama kioo, una vinyweleo, na kila kitu cha majimaji unakifyonza. Ukitaka ubaki mwekundu, uupake kwanza dawa ya kuziba vinyweleo, ndipo ujaze. Ila mimi nayaona mapezi yale ndiyo sehemu nzuri kuliko zote, na kama ningekuwa wewe ningetafuta chungu kingine nikifanye vivyo hivyo kwa makusudi.

Kuna jambo hukuniuliza, na ndilo linalonitia wasiwasi. Umebandika kwenye plaiwudi, kwa gundi nyeupe ya seremala, na unataka kuiweka ukutani nje, Kigamboni, upepo wa bahari ukiipiga na masika ikija. Gundi ile ikilowa hulegea. Plaiwudi ikinywa unyevu huvimba, ikikauka husinyaa, wakati kigae hakivimbi wala hakisinyai. Vitaanza kudondoka kimoja kimoja. Kosa la rangi unaweza kuishi nalo, hata likakupa kitu kipya. La msingi halina cha kukupa, litakula kazi yote, hata iwe nzuri namna gani.

Kwa hiyo samaki huyu akae ndani, sebuleni, mbali na dirisha linalopitisha mvua. Wa nje mtengenezee bamba la zege, umbandike kwa gundi ya vigae yenye saruji. Vikishika, vigonge kwa kidole, kigae kimoja baada ya kingine. Kinachotoa sauti ya kitu kitupu ndani hakijashika chini, king'oe ukirudishe kabla ya grauti. Na ukipata nafasi nenda Kunduchi, kwenye magofu. Makaburi ya pale ni ya karne ya 18, yamepambwa kwa sahani za kaure kutoka nje zilizozamishwa kwenye chokaa. Tazama jinsi walivyozichimbia nafasi zake ukutani. Wazee wale walijua chombo cha thamani kinataka makao.

Kuhusu vipande kukatika ovyo, usikasirike navyo. Kule Barcelona, katika Park Güell iliyojengwa kati ya 1900 na 1914, Antoni Gaudí na Josep Maria Jujol walikuwa na benchi refu linalojipinda, na kigae kizima hakikubali kupinda. Wakatumia vigae vilivyovunjika na vyombo vya kauri vilivyopasuka, kwa kuwa kipande kidogo hufuata mviringo. Mkia wa samaki wako una mviringo uleule. Vile vipande virefu vyembamba ulivyovitupa kwenye ndoo ndivyo ulivyokuwa unavihitaji hapo.

Tena usihangaike sana na usawa. Mimi nimebandika vigae vya jikoni na bafuni maisha yangu yote, kwa uzi na pima maji, mteja apitishe kiganja asihisi kitu. Sakafu na meza vinataka hivyo. Picha ya ukutani haitaki. Mafundi wa kale wa Ravenna, Italia, katika kanisa la San Vitale lililowekwa wakfu mwaka 547, waliinamisha vipande vya kioo kidogo kidogo, kila kimoja upande wake, ili mwanga ucheze mtu anapotembea. Nilipoona tumbo la samaki wako halijalingana, mkono wangu ulitaka kushika nyundo ya mpira. Nikajizuia, nikafurahi kwamba hukuwa umejifunza kwangu kila kitu.

Nimekuwekea mfuko wa masalio ya vigae: vyeupe, vya maziwa, na vichache vya manjano ambavyo fundi mwenzangu kabakiza kwenye kazi yake Sinza. Jumamosi ukivuka na pantoni pitia nyumbani. Uje na koleo lako la kukatia vigae, kwenye picha naona meno yake yamekwisha. Tutalitafutia jingine Kariakoo, na saruji nyeupe tununue hukohuko.

Baba yako