Umeitwa kambi ya Chipu: maneno ya mtu aliyekutangulia

Simu imeingia, jina lako limo kwenye orodha ya kambi ya Chipu, timu ya taifa ya raga ya Kenya ya walio chini ya miaka 20 (U20). Hongera sana, mdogo wangu. Leo furahi. Wapigie wazazi, kisha umpigie mwalimu aliyekufunza kupasi mpira, maana huenda yeye ndiye atakayefurahi kuliko wote. Kesho tuzungumze kazi, kwa sababu muda ulio nao katika timu hii ni mfupi kuliko unavyofikiri, na wangu mimi niliupoteza nusu nzima.

Nilikuwa hooka, yule wa katikati ya mstari wa mbele timu zinaposukumana. Siku hizi nasaidia kufunza mafowadi chipukizi, wale wanane wa kusukuma, katika klabu moja ya Nairobi, na karibu kila msimu tunapokea vijana waliotoka kambi hiyo. Wako wanaokuja na njaa ya kujifunza. Wako pia wanaokuja Jumanne mbili, tatu, halafu hatuwaoni tena. Hao wa pili ndio walionifanya niandike haya.

Anza na hesabu ya umri. Mashindano ya dunia ya 2023, kwa mfano, yalikuwa ya vijana waliozaliwa kuanzia Januari 1, 2003. Ukimaliza kidato cha nne ukiwa na miaka 18, una misimu miwili ya Chipu ukijaliwa, na wengi hupata mmoja tu. Ndani ya msimu huo, mechi zenyewe za mashindano ni chache mno. Jina la timu limetokana na neno chipukizi, na kila aliyelelewa shambani anajua kwamba mche haukai kitaluni hadi uzae. Kitaluni kuna kivuli, kuna maji asubuhi na jioni, kuna mtu wa kung'oa magugu. Miche mingi hufa baada ya kuhamishwa. Nitarudi kwenye jambo hili.

Wengi wenu mnaingia kambini mkidhani kazi ya Chipu ni kushinda kombe la Barthes, ubingwa wa Afrika wa umri wenu. Kushinda ni kutamu, sikatai. Nilikuwa Ruaraka, uga wa KCB, Aprili 2019, tulipoilaza Namibia 21-18, na sauti ilinikauka siku mbili. Ushindi ule uliwapeleka vijana Brazil kwenye mashindano ya dunia ya U20 ya daraja la pili, mara ya kwanza tangu yale tuliyoyaandaa hapa Nairobi mwaka 2009. Lakini angalia kilichofuata. Kocha wa kikosi kile, Paul Odera, aliinoa pia Simbas, timu ya taifa ya wakubwa. Vijana kama George Kyriazi na Samuel Asati walikuja kuvaa jezi ya wakubwa. Kwangu mimi timu ya chipukizi inapimwa hivyo: miaka mitano baadaye, ni wangapi wako Simbas, na ni wangapi bado wanacheza raga ya ushindani popote pale.

Na tuna sababu ya kujali. Kenya haijawahi kufika Kombe la Dunia la raga ya wachezaji 15 kila upande. Namibia walifika yote saba kuanzia 1999 hadi 2023. Zimbabwe, ambao chipukizi wao tuliwaona hapa Nairobi 2023 tulipokuwa wenyeji wa mashindano ya dunia ya U20 ya daraja la pili, walipeleka wakubwa wao Kampala Julai 2025, wakaifunga Namibia 30-28 na kukata tiketi ya 2027. Sisemi kazi hiyo ilifanywa na timu ya vijana peke yake. Nasema watu hawa wamelea wachezaji wao wa umri wako kwa kuangalia mbali, nasi tumekuwa tukisherehekea kombe kisha tunawaacha vijana wajitafutie njia.

Sasa tuingie kwenye skramu, pale mafowadi wa timu mbili wanapofungana na kusukumana kugombea mpira, maana hapo ndipo ninapojua la kusema, na hapo ndipo kijana wa Kenya hushtuka zaidi.

Shuleni umecheza kwa kanuni za walio chini ya miaka 19. Kanuni hizo haziruhusu skramu kusukumwa zaidi ya mita moja na nusu, na kila kipindi ni dakika 35. Ukifika U20, kizuizi hicho kimeondoka na kila kipindi ni dakika 40. Ukiyasoma kwenye karatasi ni mabadiliko madogo. Kwenye shingo ni kitu kingine kabisa. Kijana aliyekuwa propu hodari (mmoja wa wawili wanaosimama pembeni mwa hooka) Kakamega au Nakuru, aliyezoea kusukuma kidogo kisha kusimama, anakutana na mwenzake ambaye amefundishwa kuendelea kusukuma hadi refa apulize. Namibia na Zimbabwe wamekuwa wakipeleka vijana wao wa shule Afrika Kusini kwenye Craven Week, mashindano ya raga ya shule, na huko mtoto anajifunza mapema kwamba ushindi wa skramu hutoka kwenye miguu na kiuno, si kifuani.

Kwa hiyo, wewe wa mstari wa mbele, usisubiri kambi ikufundishe. Anza leo. Shingo kwanza: mazoezi ya kuishikilia imara mbele, nyuma na pembeni, kidogo kidogo, kila siku ya pili. Kisha umbo lako. Refa anapotoa amri zake tatu, ile ya kuchuchumaa ndiyo inayoamua zote. Ukichuchumaa mgongo ukiwa umepinda, hata uwe na nguvu za ng'ombe utaanguka, na ukianguka unahatarisha shingo yako na ya mwenzako. Mgongo unyooke, nyonga ziwe chini, nyayo zote zishike nyasi, macho yaangalie mbele. Ukimshika mpinzani, shika mgongo au ubavu wa jezi yake, kamwe usimshike mkono. Mwombe rafiki akupige picha ya simu ukiwa umechuchumaa, uitazame. Mimi nilijiona kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka 21, nikaelewa kwa nini mgongo ulikuwa ukiniuma miaka miwili mizima.

Kuna siri nyingine ya hesabu ambayo hakuna aliyenieleza. Kikosi cha siku ya mechi kina wachezaji 23, na sheria inataka sita kati yao wawe wamefunzwa kucheza mstari wa mbele. Sita! Wanaogombea nambari 10, mpangaji wa mchezo, ni wengi, na nafasi zake ni moja, au mbili ukijumlisha benchi. Ndiyo sababu kocha anaweza kukutazama, wewe uliyekuwa nambari 8 wa shule, fowadi wa nyuma kabisa ya skramu, mfupi kidogo, mnene kidogo, mwenye mikono mizuri, akakuambia ujaribu kuwa hooka au propu.

Nilipoambiwa hivyo nilikasirika. Nilikuwa nambari 8, nilikuwa nahodha, picha yangu ilikuwa imebandikwa ukutani shuleni. Nilimjibu kocha kwa heshima kwamba nitafikiria, kisha nikatumia wiki nzima ya kambi nikijaribu kumwonyesha kwamba amekosea. Niliachwa. Mwaka uliofuata nilianza kujifunza kutupa mpira wa lainiauti, ule wa kurushwa uwanjani ukishatoka nje, nyuma ya nyumba yetu, nikilenga alama ya chaki niliyochora ukutani, na niliporudi nilikuwa na msimu mmoja tu uliobaki. Ule wa kwanza ndio nusu niliyopoteza. Kocha akikuambia ubadilishe nafasi, muulize maswali mawili: ameona nini kwako, na nani atakufunza. Akiwa na jibu la yote mawili, anza jioni hiyo hiyo.

Neno kuhusu raga ya saba kila upande. Najua mnaitamani. Tangu Shujaa, timu yetu ya taifa ya saba, walipowachapa Fiji 30-7 kwenye fainali ya Singapore 2016, kila mtoto wa Kenya mwenye mbio anaota jezi hiyo, na ni ndoto safi. Lakini kuna vijana wanaokuja Chipu kama mtu aliyeketi kwenye steji akingoja matatu ya kwenda kwingine. Kazi ya raki, kupigania mpira ulio chini, hawaitaki, ya kusukuma nyuma ya skramu hawaitaki, wanangoja mpira uwafikie pembeni. Makocha huliona hilo siku ya kwanza. Hata kama mwisho wako ni Shujaa, miezi ya raga ya 15 itakufunza kumwangusha mtu mzito na kuupigania mpira chini, na hayo utayahitaji huko pia.

Kichwa. Hapa naomba usome polepole.

Katika mechi ya majaribio niligonga paji la uso kwenye goti la mtu. Sikuzimia. Niliamka, nikasema niko sawa, na fizio, mtaalamu wa tiba ya viungo wa timu, alipokuja nilimtazama machoni nikarudia kwamba niko sawa. Dakika chache baadaye nahodha aliita wito wa lainiauti ambao mimi mwenyewe nilishiriki kuutunga, na sikuwa na habari unamaanisha nini. Nilitupa mpira mahali pasipo na mtu. Nilitupa tena, vivyo hivyo. Watu walidhani nina woga. Usiku sikuweza kuvumilia mwanga wa taa, na nilikaa wiki tatu nikiumwa kichwa, nimejificha hata kwa mama. Hakuna aliyenilazimisha, niliogopa kupoteza nafasi, na nafasi niliipoteza kwa kuificha. Mwongozo wa World Rugby kwa raga isiyo ya kulipwa unataka angalau siku 21 kabla ya kurudi mechini baada ya mtikisiko wa ubongo. Siku 21 ni nyingi ukiwa na miaka 19. Zikubali. Na ukimwona mwenzako anayumba au anauliza swali lile lile mara mbili, mwite fizio hata kama atakukasirikia.

Stakabadhi sitazikalia sana. Cheti cha kuzaliwa na pasipoti, shughulikia kabla ya kambi, wala si wiki ya safari. Kama hujafika miaka 18, mzazi lazima aridhie, kwa hiyo usisubiri akiwa amesafiri kwenda mashambani. Hakikisha jina kwenye cheti, kitambulisho na pasipoti limeandikwa sawasawa, herufi kwa herufi. Nimeona kijana mzuri akibaki nyumbani kwa sababu ya herufi moja.

Masomo nayo: mwaka wa Chipu huangukia hapo hapo unapongoja matokeo ya KCSE au unapoanza chuo. Usiahirishe chuo kwa ajili ya timu bila kuzungumza na wazazi na ofisi ya chuo. Ukiweza kuchagua, angalia vyuo vyenye raga ya kweli. Strathmore, Kenyatta, Masinde Muliro na Nairobi vyote vina timu zinazocheza dhidi ya klabu, na ukiwa huko hutalazimika kuchagua kati ya darasa na uga.

Sasa lile la kitalu. Siku ya mwisho ya mashindano utarudisha jezi za mazoezi, mtakumbatiana, kundi la WhatsApp litachangamka mwezi mmoja kisha linyamaze. Hutakuwa na fizio wa kukupigia, wala ratiba ya chakula, wala mtu wa kukuamsha saa kumi na moja na nusu. Una miaka 20, na nafasi yako katika klabu kubwa ameishika mtu wa miaka 27 mwenye mtoto na kodi ya nyumba, ambaye hana nia ya kukuachia. Kati ya vijana niliowaona wakipotea, wengi walipotelea hapa. Hawakukosa kipaji. Walingoja kuitwa, na klabu haina desturi ya kumwita mtu.

Kwa hiyo tafuta klabu kabla ya mashindano kwisha. Usiangalie jina kubwa pekee. Uliza nani anacheza nafasi yako, ana umri gani, na kama klabu ina timu ya pili inayocheza Eric Shirley Shield, mashindano ya timu za pili za klabu. Timu ya pili ndiyo shamba lako la kwanza. Mwombe kocha wa mafowadi wa Chipu akuandikie mambo matatu unayopaswa kurekebisha, umpelekee kocha wako mpya karatasi hiyo siku ya kwanza.

Miaka michache iliyopita alikuja kwetu propu mmoja, siku nne tu baada ya kushuka kwenye ndege, bado ana fulana ya timu ya taifa. Tulimpanga timu ya pili, mechi ya saa sita mchana, watazamaji hawafiki 30. Uso ulimshuka, nikauona. Alicheza dakika 50, akasukumwa vibaya na mzee mmoja wa miaka 35 mwenye goti bovu, na baada ya mechi, badala ya kwenda kuoga, alimfuata yule mzee pembeni ya uga akamwomba amwonyeshe alivyoweka miguu. Walibaki pale wawili hao, wamechuchumaa kwenye nyasi, wameshikana mabega, hadi timu za kwanza zilipotaka uwanja wao.