Pikipiki ya umeme Pemba: kabla ya paneli, fikiria betri ya pili

Kosa langu la mwanzo lilikuwa la saa. Nilifunga paneli 3 za wati 400 juu ya bati, nikaishusha pikipiki ya umeme bandarini, nikajiona nimeshaagana na petroli. Siku ya kwanza tu nikagundua kwamba jua na mimi tunaingia kazini pamoja. Kuanzia saa 3 asubuhi mpaka saa 9, paneli zikitoa umeme wa kumwaga, mimi niko barabara ya Wete na Konde na abiria mgongoni. Narudi magharibi betri iko hoi, na jua limeshazama. Mke wangu akaniuliza, "Sasa hilo jua ulilolipandisha paani, umemfungia nani?"

Kwa hiyo anayeniuliza leo aanze na nini, namwambia betri ya pili. Moja inakwenda njiani, moja inabaki nyumbani inakunywa jua, kesho zinabadilishana zamu. Inauma, maana betri ndiyo kitu ghali kuliko vyote kwenye pikipiki hizi. Njia nyengine ni kuweka betri kubwa ya nyumbani, uhifadhi umeme mchana na kuchaji usiku. Nilijaribu miezi 4 nikaacha. Umeme unaingia betri ya nyumbani, unatoka, unapita kwenye inveta inayougeuza uwe kama wa soketi ya nyumbani, unapita kwenye chaja, ndipo ufike kwenye pikipiki, na kila mlango unatoza ushuru wake.

Hesabu ni ya skuli tu. Betri yangu ni ya volti 72 na ampea-saa 40. Zidisha, unapata wati-saa 2,880, yaani karibu uniti 3 za umeme. Kwa vilima vyetu na abiria mmoja, uniti 1 inanipeleka kama kilomita 25. Rafiki yangu wa Paje, kule Unguja, ana pikipiki kama yangu na anakwenda mbali zaidi, lakini kule ni tambarare, na Pemba hujamaliza kushuka bonde umeshaanza kupanda. Usiamini kilomita alizokuandikia muuzaji. Chaji ijae, ende njia zako za kila siku na mzigo wako wa kila siku, kisha uone imebaki ngapi.

Na ukifika dukani, uliza betri ni ya aina gani. Pikipiki yangu ya kwanza niliuziwa kwa maneno ya "litiamu". Nilipofungua kiti nikakuta betri 6 za asidi za volti 12, zimepangwa kama matofali. Betri za asidi hazipendi kukaushwa mpaka mwisho, wala kulazwa usiku bila chaji, na mimi nilizifanyia yote mawili. Mwezi wa 8 tangu niinunue nikawa namshusha abiria chini ya kilima, apande kwa miguu, nimngojee juu. Nauli nikipunguza, aibu haipungui. Hata litiamu zenyewe haziko sawa: mbili zote zimeandikwa volti 72, moja hujaa kwenye volti 84, nyengine 87.6. Chaja ya hii si ya ile. Muuzaji akikujibu "litiamu ni litiamu", muage kwa wema.

Kivuli ndicho kilichonisumbua kuliko nilivyodhani. Jirani yangu ana mnazi upande wa magharibi, na kila alasiri kuti moja lilikuwa likilaza kivuli chake juu ya paneli ya pembeni. Kuti moja! Nikiangalia kontrola, kile kidude kinachopokea na kupima umeme wa paneli, wati 900 zinaanguka mpaka 500 na kitu. Ndani ya paneli vile vipande vimeunganishwa kama ushanga kwenye uzi mmoja. Kimoja kikizibwa, wenzake nao wanakwama. Nikamwendea.

"Ami, huu mnazi wako unaninyima umeme."

"Mnazi huu kaupanda marehemu baba. Hizo bati zako zinazong'ara kazipanda nani?"

Tukacheka. Paneli nikaisogeza mita 2, na dafu bado ananiletea. Basi kabla fundi hajatoboa bati, kaa uani kutwa nzima uangalie vivuli. Na rudia baada ya miezi: kwetu huku jua la Juni linapita upande wa kaskazini, la Disemba upande wa kusini, kwa hiyo kivuli kinahama. Misumari na nati ziwe za chuma kisichoshika kutu, maana hewa ya bahari haina huruma.

Masika nachaji kwa tukuza, yaani umeme wa shirika wa kulipia kabla, bila kuona haya. Wapo wanaosema hapo huna tofauti na mtu wa petroli. Si kweli. Tangu 2010 umeme wa Pemba unakuja kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, na kule bara sehemu kubwa ni maji na gesi. Kabla ya hapo tulikuwa tukitegemea majenereta ya dizeli pale Wesha. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu wakati ule.

Msimu wa karafuu sihitaji hata kuangalia mbingu. Majamvi yametandazwa uani, karafuu zinakauka, na wati kwenye kontrola ziko juu. Nikisikia watoto wanaitana kuzianua, najua usiku huu ni wa tukuza.