Usiukate Mkunazi kwa Sababu ya Miiba

Nyuma ya nyumba yetu Makunduchi, kusini mwa Unguja, penye ardhi ya maweni ambamo jembe hugonga jiwe kabla halijazama, upo mkunazi ambao mwaka wangu wa kwanza wa kufuga mbuzi nilidhamiria kuukata. Miiba yake hukaa miwili miwili penye kila jani, mmoja umenyooka na wa pili umepinda kama ndoana, nayo ilikuwa ikinichana mikono na kuwachoma watoto nyayo. Mama alinikataza. Kiangazi kilipoingia na nyasi zote kukauka, nilimshukuru, kwani mti huo, uliozoea nchi kavu na wenye mizizi inayozama mbali sana, ulibaki na majani mabichi.

Kwa hiyo nawaomba wafugaji wenzangu waupogoe badala ya kuung'oa. Mkunazi huzaa kwenye vitawi vichanga, na mti uliokatwa huchipua tena bila taabu, basi mimi husubiri matunda yaishe, nikayakata matawi na kuwatundikia mbuzi, ambao kwa midomo yao myembamba huchagua jani katikati ya miiba bila kuumia. Hata hivyo, majani hayo yana ukakasi, na si vyema yawe chakula chao pekee. Mimi huyachanganya na matembele. Matawi yanayobaki huyazungushia bustani ya mboga, na hakuna mbuzi aliyethubutu kupita.

Jikoni, kunazi mbivu huliwa vivi hivi, lakini tamu kwangu ni achari ya zilizokauka. Zipasue kwanza uangalie ndani, kwa sababu mabuu hupenda kujificha karibu na kokwa. Ziroweke usiku kucha, kisha zichemshe kwa moto mdogo pamoja na chumvi, sukari, pilipili na uzile (bizari nyembamba), ukikoroga mpaka rojo lishike mwiko. Usitumie kunazi changa, zitakausha ulimi.

Majirani nao huja kuomba majani ya kumwoshea maiti, na kwetu hayauzwi kamwe.

Anayetaka kuupanda achukue kokwa la tunda lililoiva, aligonge taratibu mpaka ganda lipate ufa bila kuiponda mbegu, kwani ganda hilo ni gumu na huchelewesha kuota, kisha alifukie mahali penye jua mvua za masika zinapokaribia, na auzungushie mche uzio, maana mbuzi wataumaliza kabla haujaota miiba ya kujilinda.