Binti wa gredi ya nane na The Hunger Games

Dada, umeuliza kama umnyang'anye binti yako wa gredi ya nane riwaya ya The Hunger Games, kwa kuwa umeifunua ukakuta watoto wanauana, na kwa kuwa mume wako, aliyechomewa nyumba katika ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, hataki habari za vita nyumbani mwake. Nasimamia kikundi cha wasomaji vijana hapa Nakuru, na riwaya hiyo tumeisoma na kuirudia. Maoni yangu ni kwamba umwache asome, ila asikomee kitabu cha kwanza.

Ulichokiona ni kweli. Katika kitabu hicho, alichokitoa Suzanne Collins mwaka 2008, watawala wa nchi ya kubuni iitwayo Panem huwakusanya vijana 24 kila mwaka, mvulana na msichana kutoka kila mojawapo ya wilaya 12, wenye umri wa miaka 12 hadi 18, wakawaingiza uwanjani wauane huku taifa zima likitazama kwenye runinga. Katika mashindano yanayosimuliwa humo, siku ya kwanza pekee wanakufa 11. Huko Marekani kwenyewe kililalamikiwa hadi kikaingia katika orodha ya Chama cha Maktaba cha nchi hiyo ya vitabu vilivyopingwa zaidi, mwaka 2010, 2011 na tena 2013, kwa hiyo usidhani kwamba hofu yako ni ya kishamba.

Hata hivyo, mimi sipimi riwaya ya vita kwa wingi wa damu. Ninachotazama ni kama mwandishi anabaki na walionusurika baada ya silaha kunyamaza, na Collins, ambaye baba yake alipelekwa vitani Vietnam yeye akiwa bado mtoto, anabaki nao. Haymitch, mshauri wa shujaa Katniss, aliyeshinda mashindano hayo miaka 24 kabla yake, ni mlevi anayelala ameshika kisu. Katika kitabu cha tatu Katniss anajificha kabatini, na Peeta, mvulana wa wilaya yake aliyeingizwa naye uwanjani, ambaye aliteswa hadi kumbukumbu zake zikavurugwa, analazimika kuwauliza wenzake ni lipi lilitokea kweli na ni lipi alilopandikizwa. Miaka mingi baadaye, wakiwa na watoto wao, jinamizi bado linawajia usiku.

Tulipofika hapo kwa Haymitch, msichana mmoja aliyekuwa akitusomea kwa sauti alisita, akasema kwamba baba yake naye huweka panga chini ya kitanda tangu yeye hajazaliwa, na hajawahi kuambiwa sababu. Mwenzake akaongeza kwamba kwao ni begi lenye vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya shule na hati ya shamba, ambalo kila mwaka wa uchaguzi hukaa karibu na mlango. Hawa ni watoto waliozaliwa baada ya mahema ya waliofukuzwa makwao na ghasia hizo, katika uwanja wa maonyesho, kung'olewa. Mimi niliyalalia mahema hayo nikiwa kijana, na nakumbuka jinsi mkataba wa amani wa tarehe 28 Februari 2008, uliomaliza ghasia hizo, ulivyopokewa na watu wazima wengi kama mwisho wa habari. Binti yako huenda ameshaona mengi nyumbani asiyoweza kuyauliza, na riwaya hiyo inampa pa kuanzia bila kumtaja baba.

Sivitetei vyote vya aina hii. Baada ya riwaya hiyo kuvuma, zilifuata nyingine nyingi za distopia, yaani za dunia ya kubuni iliyojaa ukandamizaji, ambazo shujaa wake huua sura ya tano, akapenda sura ya sita na kulala usingizi mnono. Hizo siziweki kwenye rafu yetu. Filamu nazo ningependa zisubiri, kwa sababu mtazamaji hujikuta amekaa pale walipokaa watazamaji wa Panem. Wavulana wetu walikuwa wakishabikia nani amuue nani, nikawauliza ni akina nani wengine katika kisa hicho wanaoshabikia hivyo. Walininunia wiki nzima.

Soma sura zile zile anazosoma, wala usimdai funzo. Akianza kukosa usingizi au kushtuka ovyo, kitabu kiwekwe kando na azungumze na mwalimu wa ushauri nasaha. Nambari 116 ya simu ya msaada kwa watoto nayo hupigwa bila malipo. Mzee asilazimishwe kusimulia chochote, lakini ajue mapema binti anasoma nini, asije akakutana na kitabu hicho ghafla juu ya meza.

Cha tatu, Mockingjay cha mwaka 2010, ni kigumu kupatikana kwa wauzaji wa vitabu vya mitumba hapa mjini. Nina nakala ya ziada. Niandikie faraghani nikuazime kabla hajamaliza cha pili.