Hamu ya Unga Inaponirudia

SWALI: Mshauri, nina miezi 4 tangu niache unga (heroini) na ninakunywa methadoni, dawa ya kutibu uraibu huo, kila siku, lakini nikipita maskani ya zamani mwili hutetemeka. Je, nimeshindwa? Msomaji, Temeke.

JIBU: Hujashindwa, ndugu yangu. Ubongo wako umezoea kuunganisha maskani, marafiki na hata fedha mkononi na unga, ndiyo maana kichocheo huamsha wazo, nalo wazo huamsha hamu. Tiba ya utambuzi na tabia, yaani ushauri wa kubadili mawazo na mienendo, hukufundisha kuukata mnyororo huo: andika ulikuwa wapi, na nani, ukiwaza nini. Wazo la “mara moja tu haidhuru” ulijibu papo hapo, kwani unga juu ya methadoni unaweza kusimamisha pumzi. Hamu hupanda, kisha hushuka. Wakati huo badili njia, umpigie simu unayemwamini.