Mjomba yuko bandarini, naona haya kumuuliza

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nina miaka 26, naishi Ngamiani hapa Tanga. Stashahada ya ununuzi na ugavi nimemaliza miaka miwili iliyopita, na maombi ninayotuma hayajibiwi. Mjomba wangu ni karani bandarini, lakini sitaki kumwomba chochote, watu watasema nimebebwa. Majirani nawaambia nasubiri majibu ya usaili. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usaili gani huo wa miaka miwili? Majirani wameshajua, wanakustahi tu.

Kubebwa ni kupewa nafasi iliyokuwa ya mwenzio. Hilo likatae, nami niko nyuma yako. Ila nafasi za taasisi za serikali kwa kawaida hupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, kwa hiyo karani hana mlango wa kukupitishia hata angetaka. Anachoweza ni kuisoma barua yako ya maombi akakuonyesha kasoro. Anaweza kukwambia kama waajiri wanadai usajili wa Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi. Na bandari si mwajiri mmoja: kuna mawakala wa forodha, wa meli, wenye maghala, wasafirishaji. Kwenye kampuni ndogo mtu anaacha kazi Ijumaa, Jumatatu bosi anawauliza waliopo, "Hamna mtu mnayemjua?" Wewe utatajwa na nani, ikiwa umewaambia wote unasubiri majibu? Mficha uchi hazai.

Wala usiishie kwa mjomba. Mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, aliandika mwaka 1973 kuhusu watu waliopata kazi kupitia mtu: wengi walisaidiwa na wasioonana nao mara kwa mara, si marafiki wa karibu. Mnaoshinda pamoja habari zenu ni zile zile. Sisi Tanga mbinu hii tunaijua sana, ila tunaitumia kutafutia wachumba! Basi mtafute mwalimu wako wa chuo, mtafute uliyesoma naye akahamia Muheza, hata yule dada mliyesalimiana tu wakati wa mafunzo kwa vitendo.

Omba kitu kidogo kinachojibika. Ukisema "nitafutie kazi" unamtwisha mtu mzigo. Atakwambia "nitakuangalizia," na ndiyo basi. Ukiuliza "hapo kwenu maombi ya ugavi anapokea nani?" atakujibu hapo hapo. Akikusaidia, mrudishie habari hata kama hukupata, ili wakati mwingine akukumbuke. Anayetaka pesa ili akuunganishe usimjibu kabisa.

Mjomba mwendee Ijumaa baada ya swala, barua umeichapisha kwenye karatasi, usimwonyeshe kwenye simu. Watu wa umri wake wakipewa karatasi na kalamu husahihisha mpaka nukta.