Wakili Aliyeniambia Nisichotaka Kusikia

Wakili wa kwanza niliyemwendea alinisikiliza dakika kumi tu, akasema, "Hilo deni tutalifuta lote." Sikuwa nimemwonyesha hata karatasi moja. Nilitoka ofisini kwake nikiwa mwepesi, usiku ule nikalala usingizi niliokuwa nimeukosa kwa miezi. Alitaka ada yote mkononi, taslimu, bila mkataba wala risiti. Nikampa. Baada ya hapo simu hazikupokelewa tena, na riba haikunisubiri.

Ukidaiwa, sikio lako huchagua sauti tamu. Ndiyo maana nakusihi: anayekuahidi matokeo kabla ya kusoma mikataba yako, muage uondoke.

Wa pili nilimtafuta kwanza kwenye rejista ya mawakili, nikahakikisha leseni yake iko hai na hajasimamishwa. Ni kazi ya dakika chache, na bado inaniuma kwamba sikuifanya mwanzo. Aliniagiza nilete kila mkataba wa mkopo, kila barua ya wadai, na hesabu ya mapato na matumizi yangu. Ada aliiandika: inagharamia nini, haigharamii nini, na ni nani hasa atakayesimama mahakamani, yeye au msaidizi wake. Fedha nilizotanguliza ziliingia akaunti ya wateja, si mfukoni mwake.

Kisha akazipanga karatasi zangu mafungu mawili, mikopo yenye dhamana ya mali na isiyo na dhamana hiyo. Aliyeshikilia hati ya mali yako, aliniambia, kwa kawaida haki yake juu ya mali hiyo haipotei hata ukitangazwa muflisi. Hilo sikutaka kulisikia. Akaendelea. Kupanga upya ulipaji hupunguza rejesho la kila mwezi, lakini muda ukirefuka, jumla ya riba huweza kuzidi ile ya mwanzo. Suluhu ni mdai kukubali kiasi pungufu na kusamehe kinachobaki, na bila maandishi yake mwenyewe usilipe hata senti, kwani kesho atakuja mwingine kudai salio. Kufilisika kwa amri ya mahakama huwazuia wadai wasikuandame, lakini mali zako zinaweza kuuzwa, kumbukumbu yako ya mikopo hubaki na doa kwa miaka, na madeni kama matunzo ya watoto kwa kawaida hayafutiki.

Nilimuuliza pia kuhusu kampuni zinazojitangaza kupunguza madeni. Akanionya nisilipe chochote kabla hazijafanya kazi. Nchini Marekani, tangu 2010, zile zinazouza huduma hiyo kwa simu zimekatazwa kupokea ada kabla ya kupunguza deni hata moja.

Nikiwa tayari nimeshika kalamu nisaini, akaniuliza, "Nani alikudhamini?"

Kaka yangu. Alisaini mkopo mkubwa kuliko yote, kwa kuniamini, wala hakuusoma.

Wakili akaweka kalamu yake chini. Akanieleza kwamba mimi nikisamehewa, mara nyingi mdai hubaki na haki ya kumgeukia mdhamini kwa kilichobaki. Nafuu yangu ingekuwa mzigo wake. Sikusaini siku ile. Jioni nilikwenda kwa kaka na karatasi zote, tukazisoma pamoja, na wiki iliyofuata tukarudi kwa wakili sote wawili.